Kofia ya Ohio

Waamishi wa kule Marekani, Wakristo wasiomiliki magari, hawaoi wake wawili. Mwanamume ana mmoja, akimzika ndipo hutafuta mwingine, na anayechungulia nje kabla ya kuzika hutengwa na kanisa mpaka anyooke. Kwa hiyo Lovina alipoolewa na Mahlon Bontrager, yeye mjane na Mahlon mgane, hakudhani hata kidogo kwamba anaingia kwenye uke wenza. Drusilla, mke wa kwanza, alikuwa na miaka miwili makaburini, chini ya jiwe lisilozidi goti. Mke mwenza wa namna hiyo, alijiambia Lovina, atanisumbua na nini?

Tena picha haikuwepo. Picha hawapigi, wala hawatundiki ukutani kitu chenye sura ya mtu. Siku ya kwanza aliyofika Indiana kutoka kwao Ohio, Januari, theluji ikiwa magotini, Lovina aliikagua nyumba ya mumewe kama kila mke wa pili anavyoikagua, hata yule anayekana. Alifungua makabati, akashuka chini kwenye mitungi ya matunda, akahesabu sufuria. Alikuta mkono wa Drusilla kila mahali, katika mishono ya mapazia na mpango wa vijiko, lakini sura yake hakuikuta. Akashusha pumzi. Mtu asiye na uso, hata ukimwonea wivu, wivu wenyewe hauna pa kushika.

Na alikuwa anampenda Mahlon, hilo lisemwe mapema. Alikuwa na miaka arobaini na minne, binti zake wameolewa, mume wake Atlee aliuawa na gogo msituni miaka mitano nyuma, na alikuwa ameshajizoesha kulala katikati ya kitanda. Ndipo akaja huyu Mahlon, kaja Ohio kwa harusi ya mpwa wake, akaketishwa meza moja na wajane, akala vipande vitatu vya pai ya matufaa makavu bila kusema neno, kisha akamuuliza kama yeye ndiye aliyeioka. Lovina aliona haya kwa jinsi moyo ulivyomruka, mtu mzima kama yeye. Kwa ajili ya mtu huyo alihama jimbo, akaacha kaburi la Atlee na wajukuu wawili.

Jumapili ya kwanza ya ibada ilifanyika nyumbani kwa jirani. Wanawake walipanga mstari kwa umri, mkubwa mbele, mdogo nyuma, wakaingia kuketi kwenye mabenchi, na atakayekaa kando yako siku hiyo ndiye wa kila ibada mpaka mmoja wenu afe. Lovina aliwekwa kando ya mwanamke wa kimo chake, asiyeolewa, mwenye macho ya kijivu na kidevu kizuri, aliyempita kuzaliwa kwa mwezi mmoja tu. Waliimba pamoja kutoka kitabu kimoja. Sauti ya yule mwanamke ilikuwa nzuri, na Lovina akawaza kwamba hapa atapata rafiki.

Baada ya ibada, jikoni, alikuwa akikata mkate na Fronie, shangazi yake Mahlon, mwanamke ambaye mdomo wake ulikuwa hauna mlango.

"Mmekaa vizuri?" aliuliza Fronie.

"Na nani?"

"Na Elmina. Wee mwana, hukuambiwa? Huyo ni pacha wake Drusilla. Shilingi kwa ya pili! Mama yao alikuwa anamfunga mmoja uzi mguuni, asije akamnyonyesha huyo huyo mara mbili mwingine akalala njaa. Ukitaka kumjua mwenzio, mtazame huyo. Ndiye yeye, ila huyu anapumua."

Kisu kilisimama katikati ya mkate.

Tangu siku hiyo Lovina hakuwa na raha. Kila ibada alikaa saa tatu bega kwa bega na mke mwenza wake. Wahubiri walikuwa wakiwazungumzia Nuhu na Ibrahimu, yeye akisoma shingo. Kumbe Drusilla alikuwa na shingo hii. Kumbe vidole vyake vilikuwa virefu hivi. Mahlon alivishika, miaka ishirini na zaidi. Lovina mwenyewe alikuwa na pua ya baba yake, na baba yake alikuwa na pua ya kuchekwa, pana, imekaa usoni kama kitunguu. Ohio hakuwahi kuifikiria. Indiana aliifikiria kila alipopiga chafya.

Kimoja tu kilimfariji, nacho ni kofia yake. Kila mkoa wa Waamishi una mshono wake wa ile kofia nyeupe ya mwanamke. Ya Ohio mikunjo yake ya nyuma ni mipana, ya Indiana ni myembamba sana, imepigwa pasi ikalala kama kurasa za kitabu. Anayeolewa mbali hubadili, ni kanuni. Lovina hakubadili. Wiki zikapita, mwezi ukapita, bado anavaa ya Ohio, kila anapoulizwa anasema hajapata nafasi. Ukweli ni kwamba akiwa na kofia ile, hata akiwa amegeuka, hakuna mtu atakayemwona kwa nyuma akadhani ni Drusilla.

Kisha likaja lile la kahawa.

Ilikuwa Machi. Wanaume walikuwa mezani baada ya ibada, wanawake wakiwahudumia. Lovina alikuwa upande mwingine wa chumba akipaka siagi ya karanga kwenye mkate. Elmina alipita na birika, akamfikia Mahlon, akammiminia. Mahlon akanyanyua macho. Akamtazama usoni, si kwa kuiba, akamtazama kweli, akasema neno. Elmina akacheka, naye Mahlon akacheka. Mume wake Lovina, ambaye akicheka nyumbani ni mara moja kwa wiki, na hiyo mara moja ni kwa sababu ya ndama!

Fronie alikuwepo, asingekosa.

"Afadhali amecheka," alimnong'oneza. "Sisi wote tulidhani atamchukua huyo huyo. Shemasi alikuwa ameshapaka viatu vyake rangi, anasubiri kutumwa kuposa. Halafu huyo, Ohio! Wanaume, bibi wee. Ng'ombe wa maziwa yuko uani, yeye anafunga safari kwenda kutafuta maziwa."

"Na kwa nini hakumchukua?"

"Muulize yeye. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Walirudi nyumbani kwa kigari, kimya. Aliyekuwa akiwavuta ni Topsi, farasi jike wa kahawia, mzee kidogo, ambaye Lovina alimkuta pale pale kama alivyozikuta sufuria. Walipofika penye njia ya kuingilia kwa Elmina, Topsi alikata kona mwenyewe. Mahlon akavuta hatamu kwa nguvu, midomo ameibana, farasi akarudi barabarani shingo upande. Lovina aliona. Aliwahi kuona kabla ya hapo, akapuuza. Leo hakupuuza.

"Farasi wako anaipenda sana njia ile," alisema walipofika jikoni.

"Mazoea."

"Mazoea ya nani?"

Mahlon alivua kofia yake, akaitundika. Alikuwa mtu ambaye ukimsemesha kwa ukali husikiliza kama anayesikiliza radi ya mbali, akipima kama itafika.

"Wewe na Elmina mlikuwa mnacheka nini?"

"Kahawa."

"Kahawa inachekesha?"

"Ya Elmina inachekesha."

"Basi kesho kamwambie akupikie, na mimi nipate kucheka!" Lovina aliiweka sufuria kwenye jiko, kifuniko kikaruka. "Nimetoka kwetu, nimeacha watu wangu, nimekuja kukaa bega moja na mke wako! Kila Jumapili namtazama. Ananukia sabuni ile ile iliyoko chini ya ngazi zako. Ungeniambia, Mahlon. Ungesema, Lovina, mke wangu amekufa nusu."

"Mimi nimewahi kukuuliza juu ya Atlee?"

"Atlee amekufa."

"Na Drusilla je?"

"Atlee hana pacha!"

Mahlon akamtazama kichwani. "Hana pacha, ndiyo. Lakini ana kofia. Kila asubuhi unaiweka kichwani mbele yangu, na mimi nakunywa chai na mke wa Atlee." Akachukua ndoo akaenda kukamua, ingawa saa ya kukamua ilikuwa bado.

Lovina aliinama kuokota kifuniko. Hakuwahi kufikiri kwamba yule mtu mkimya naye alikuwa na lake moyoni. Lakini mwenye wivu ana tabia mbaya, hagawi nafasi. Aliwaza kidogo maneno ya mumewe, akayaweka kando, akarudi kwenye kile kicheko.

Na wakati haukumngoja. Pasaka ilikuwa inakaribia, na kabla ya Meza ya Bwana kuna ibada ya kuulizana. Kila mshiriki, mmoja mmoja, anaulizwa kama yuko na amani na Mungu na watu wote. Mmoja akisema hana, Meza inaahirishwa kwa kanisa zima, watu sitini wanakaa bila mkate na divai mpaka yeye na adui yake wapatane. Na mwisho wa siku ya Meza wanaoshana miguu, wawili wawili, wanawake na wanawake, kwa jinsi walivyokaa. Mnaoshana, mnashikana mikono, mnapeana busu la amani. Lovina hakuhitaji kuhesabu mabenchi. Mguu atakaoosha anaujua, na shavu atakalobusu analijua.

Mhudumu wa kanisa alipita kwenye mstari wa wanawake akiuliza kwa sauti ya chini. Alimfikia Elmina. Elmina akasema ana amani na wote. Akamfikia Lovina.

Lovina alitazama mbele. Akisema kweli, watu wote watajua kabla ya jioni, na Fronie atapata chakula cha mwaka. Akisema uongo, atakula mkate wa Bwana na uongo mdomoni.

"Nina amani na wote," alisema, na mate yake yakawa machungu.

Walipokuwa wakivaa kuondoka, mke wa askofu, mama mpole lakini asiyesahau, alimshika kiwiko. "Mwanangu, ile kofia. Kabla ya Meza."

"Nitatafuta wa kunishonea."

"Usitafute. Nenda kwa Elmina. Ndiye anayewashonea wote."

"Hakuna mwingine?"

"Yupo binti wa Ervin, lakini mikunjo yake imelala kama ng'ombe aliyeshiba. Nenda kwa Elmina."

Alikwenda Jumatano, peke yake na Topsi. Alikuwa amejipanga atakavyoingia: atafunga farasi mbele, barabarani, kama mgeni, atabisha, atapimwa, ataondoka. Topsi hakuuliza mipango yake. Alikata kona kabla hatamu hazijaguswa, akaupita mlango wa mbele, akazunguka nyumba, akaenda mpaka kwenye pete ya chuma iliyopigiliwa katika mtufaa karibu na jiko, akasimama, akapiga kwato mara mbili. Damu ilimchemka Lovina. Farasi hasemi uongo. Mtu aliyemleta huyu hapa hakumleta mara moja, na hakumleta kwa mlango wa wageni.

Mlango wa jikoni ulifunguka ghafla. Elmina alitoka mbio, kipande cha tufaha kiganjani, anacheka. "Topsi!" Kisha akamwona aliyekaa kwenye kigari, na kile kicheko kikamwisha. "Ah. Lovina. Karibu, dada. Nisamehe."

Lovina alikaa kwenye kiti kando ya dirisha, akavua kofia yake ya Ohio, akaiweka mapajani na kuishika kwa mikono miwili. Elmina alimzungushia utepe wa kupimia kichwani. Vile vidole virefu vikapita kwenye nywele zake, na Lovina alikaza shingo.

"Anaijua nyumba yako vizuri, huyu farasi."

"Aache kuijua? Kila Jumatano alikuwa hapa."

"Kila Jumatano." Lovina alilimeza hilo. "Mpaka lini?"

Elmina alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja. "Mpaka dada yangu alipolazwa. Topsi alikuwa wake, hukujua? Jumatano tulishona pamoja. Tangu tumzike farasi huyu hajaingia hapa mpaka leo. Namsikia akipita barabarani. Nasikia hatua zake zinapungua hapo njiani, halafu nasikia hatamu zinavutwa."

Aibu ilimpanda Lovina mpaka masikioni. Lakini wivu si panya kwamba utakufa kwa fimbo moja.

"Mahlon ndiye anayevuta," alisema. "Kwa nini asikusalimie? Mnaogopa nini?"

"Unataka kuambiwa, au unataka kugombana? Kwa maana nina kazi, na vyote viwili sitaweza."

"Kuambiwa."

Elmina alikaa chini, utepe shingoni. "Alikuwa anaogopa uso huu. Ungekuwa wewe, Atlee wako amezikwa leo, kesho unamkuta amesimama na birika, ungemtazama? Na watu walikuwa wameshanipa kwake. Kama nguo za marehemu, zinamtosha, ya nini zipotee? Nami sikufichi, Lovina, nilingoja. Mwaka wa nguo nyeusi ulipokwisha nilikuwa nikisikia kwato, naweka kahawa jikoni. Hakuja. Akaenda Ohio. Akarudi na wewe. Nilipokuona Jumapili ile unaingia, na ile pua yako..."

"Pua yangu imefanya nini?"

"Ni yako! Hakuna mwingine mwenye hiyo. Nilikuonea wivu. Mtu akikutazama wewe, anakuona wewe. Mimi tangu dada afe hakuna aliyeniona. Mke wa askofu akinishika mkono, analia. Watoto wa Mahlon, watu wazima wenye nyumba zao, hawanitazami. Wengine wananiita Drusilla, halafu wanashika mdomo, wanaomba radhi, na mimi ndiye ninayewabembeleza. Na Mahlon alikuwa akipokea kikombe kutoka kwangu macho yake yakiwa mezani. Mpaka Jumapili ile uliyokasirika."

"Nani kakwambia nilikasirika?"

"Ulikuwa unaupaka mkate siagi ya karanga pande zote mbili."

Lovina aliigeuza kofia mapajani.

"Mahlon alisema, 'Elmina, kahawa yako bado ni maji ya kuoshea vyombo.' Akanitazama usoni akiyasema. Elmina! Ndipo nikacheka. Amepona, dada, na aliyemponya simjui mwingine zaidi yako."

Yalikuwa maneno mazuri, na Lovina aliyabeba njia nzima ya kurudi. Lakini mpe mwanamke mwenye wivu maneno mazuri, atayageuza aone yameshonwaje kwa ndani. Kabla hajafika nyumbani yalikuwa yamebaki mawili tu: *nilingoja*, na *naweka kahawa*. Amekiri kwa kinywa chake! Na kama alingoja jana, kesho je? Hilo la kupona, nani hajui kulisema? Elmina alijuaje kilichokuwa ndani ya moyo wa Mahlon, kama si kwamba alikuwa akiuchungulia?

Siku ya Meza ya Bwana ilianza na mawingu. Lovina aliivaa kofia mpya ya Indiana mbele ya kioo kidogo cha kunyolea. Mikunjo ilikuwa imelala vizuri kupita kiasi, hata hilo lilimuudhi. Mahlon aliingia kutafuta kola yake, akamwona, akasimama. Alifungua mdomo. Akaufunga, akatoka kumfunga farasi.

"Hata neno moja," alijisemea Lovina. Ile ya Ohio alikuwa ameikunja ndani ya kitambaa, akaiweka chini kabisa ya sanduku, na kwa kuiweka hapo alijisikia kama aliyemzika Atlee mara ya pili. Mumewe hakusema hata ahsante.

Ibada ilikuwa ndefu, tangu asubuhi mpaka alasiri, kama ilivyo siku hiyo. Walikula mkate. Walipokezana kikombe. Kisha wakaanza wimbo wa polepole, mabeseni na taulo vikaletwa, na wanawake wakainama kufungua viatu na kuvua soksi. Lovina na Elmina walikwenda kwenye beseni lao pamoja, kwa kuwa hapakuwa na jinsi nyingine.

Lovina alitangulia kuosha. Aliinama, akaushika ule mguu, mweupe, mwembamba, wenye mshipa wa buluu juu ya kifundo, na akawaza: hapa ndipo mama yao alipofunga uzi. Au hakuwa huyu, alikuwa yule. Alimwaga maji haraka, akasugua kwa taulo kama anayesugua sufuria iliyoungua. Zamu ya Elmina ilipofika, Elmina aliosha polepole, akakausha mpaka katikati ya vidole. Walisimama, wakashikana mikono.

"Bwana awe nasi," alisema Elmina.

"Amina, kwa amani," alijibu Lovina, akalibusu lile shavu kama anayebusu ubao.

Alirudi kwenye benchi akiwa mnyonge. Alikuwa amedanganya mbele ya mhudumu, na sasa amedanganya mbele ya beseni. Aliutazama upande wa wanaume, akaona kisogo cha Mahlon, nywele zimeanza kuwa na mvi juu ya kola, na roho ilimuuma kwa kumpenda. Aliona kwamba ataishi hivi. Atapika, atafua, atazeeka katika nyumba ile, na mpaka kufa hatajua kama mtu huyu alimtaka yeye au alitaka tu mahali ambapo uso ule haupo.

Walipotoka mvua ilikuwa inaanza, matone makubwa ya Aprili. Wanaume walikimbilia farasi. Wanawake walijaa barazani, shali nyeusi mabegani, kofia nyeupe vichwani, zile kubwa nyeusi za nje bado wamezishika mikononi, migongo wameipa barabara wakingoja vyombo vyao kutoka ndani. Lovina alikuwa nyuma, karibu na mlango, sahani ya pai mkononi. Mbele yake, penye ngazi, alikuwa Elmina.

Kigari cha Mahlon kilikuja kikasimama chini ya ngazi. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye ukingo wa kofia. Alijiinamisha nje, akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo Lovina hakuwahi kumsikia akiitoa nje ya chumba chao. Na sauti hiyo, mbele ya macho yake, ilikwenda moja kwa moja mgongoni kwa Elmina.

Sauti ndiyo iliyotangulia kumfikia Lovina, maneno yakafuata.

"Lovina. Njoo, mke wangu, utalowa. Nimekuwekea blanketi huku kwangu, upande ule unavuja."

Elmina aligeuka. Uso wa Drusilla, mzima, macho ya kijivu na kile kidevu, ukamtazama Mahlon kutoka hatua mbili.

"Ah, Elmina," alisema Mahlon, akawa mwekundu mpaka shingoni. "Nisamehe. Nilidhani ni mke wangu. Ni hizi kofia." Na macho yake yakampita, yakaanza kutafuta barazani, kofia hadi kofia, kama mtu aliyepoteza kitu. "Yuko wapi?"

Elmina alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Arobaini na nne!" alisema. "Miaka arobaini na minne watu wananikosea kwa jina moja tu! Leo nimepata jipya!"

"Hata mimi nimesikia," alisema Fronie kutoka mlangoni, asije akasahauliwa. "Kasema Lovina. Tena na 'mke wangu' juu."

Lovina alitaka kucheka, machozi yakawahi. Alipita katikati ya wanawake na sahani yake ya pai, akashuka ngazi moja, akasimama mbele ya Elmina katika mvua.

"Nilikuosha vibaya," alisema.

"Najua. Umenichubua."

"Nilimwambia mhudumu nina amani. Sikuwa nayo."

"Hilo nalo nilijua. Nilikuwa nimekaa kando yako." Elmina alijifuta macho kwa ncha ya shali. "Vuli, Meza ikirudi, tutaoshana tena. Mpaka kufa, mimi na wewe, hakuna atakayetubadilishia benchi."

Lovina alipanda akaketi kwenye blanketi, upande usiovuja, ubavu kwa ubavu na mumewe. Mahlon hakujua atazame wapi. Alimtazama kichwani, kwenye mikunjo ile myembamba, akasema kwa shida kwamba inampendeza, alitaka kusema tangu asubuhi, ila hakujua aanzie wapi.

"Ungeanzia hapo hapo," alisema Lovina. Kisha akachungulia nje. "Elmina! Unakwenda kwa miguu na mvua hii? Panda. Lakini utakaa nyuma."

Elmina alipanda, akakaa nyuma. Walipofika kwenye ile njia Topsi alipunguza hatua, sikio moja amelielekeza nyuma, akingoja kuvutwa. Mahlon alishika hatamu, akamgeukia mkewe.

"Unanitazama nini?" alisema Lovina. "Mwache aingie. Anapajua kwao."

Farasi akakata kona.

"Kahawa ipo," alisema Elmina kutoka nyuma.

"Nitaipika mimi," alisema Lovina.